Nyumba ya Mama Inatafuta Mpangaji

Dada yangu alinipigia simu Jumapili baada ya misa ya kwanza, saa ambayo anajua kabisa bado nimelala.

"Wapangaji wanakuja kuiona nyumba Jumamosi," alisema. "Una siku sita. Punguza makorokoro, paka rangi, ifanane na nyumba ya watu."

"Kwa sasa inafanana na nini?"

"Na ghala lenye mapazia."

Sikuwa na la kubisha. Nyumba yenyewe ni ya mama yetu, iko Kagondo, pembeni mwa mji wa Bukoba, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa alichotuachia baba, na ambamo baba mwenyewe amezikwa, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mwaka jana wakati wa mvua Mama alijikwaa kwenye sanduku la bati lililokuwa limekaa kwenye korido tangu nikiwa sekondari, akavunjika nyonga. Baada ya hospitali alichukuliwa na dada, Muleba mjini, na huko akajifunza upya kutembea, safari hii kwa fimbo yenye vijiguu vinne chini. Dada akaamua, nami nikaamua kwa kunyamaza, kwamba mtu wa umri ule hawezi tena kukaa peke yake. Nyumba ipangishwe. Akapatikana mwalimu wa sekondari na mkewe muuguzi, wote wanahamia Bukoba, wote wana heshima zao. Wakiipenda, Mama hatarudi tena Kagondo. Mambo yalikuwa mepesi hivyo.

Mama mwenyewe tulimuuliza. Alikuwa amekaa kwenye baraza ya dada akiangalia barabara. "Fanyeni mnavyoona," alijibu. Mtu asiyemjua angedhani amekubali.

Kazi iliniangukia mimi kwa sababu ndimi mtoto anayeishi Bukoba. Mkataba wangu wa kufundisha Dar es Salaam ulipoisha, mke wangu alibaki na kazi yake Mwanza, nami nikarudi huku kuandika, nikapanga vyumba viwili Miembeni. Katika familia yetu kuandika maana yake ni kuwa na nafasi. Mtu wa duka huwezi kumwambia afunge duka, muuguzi huwezi kumwambia aache wagonjwa, lakini mwandishi unaweza kumtuma popote, kwa kuwa hakuna anayemwona akifanya chochote.

Nilijiandaa kama msomi, yaani badala ya kuchukua ufagio nilikaa kitandani nikaangalia video. Kuna mwanamke wa nchi za mbali, mwenye meno mazuri, anayewafundisha watu kuziandaa nyumba zao kabla ya kuzionyesha kwa wateja. Mafundisho yake kwa ufupi ni kwamba uondoe vitu, halafu uondoe tena, halafu ukae pembeni uiache nyumba ijionyeshe ilivyo. Vitu anavigawa mafungu matatu: vya kubaki, vya kugawa, vya kutupa. Nikaona ni jambo rahisi. Jumatatu asubuhi nikapanda pikipiki kwenda Kagondo nikiwa na kalamu na karatasi tatu zenye majina ya mafungu yangu.

Sebule ya Mama ilikuwa na seti mbili za makochi. Moja ilikuwa ya kukalia, nyingine ilinunuliwa nilipooa na bado ilikuwa ndani ya nailoni. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma, kila kitambaa kina kitambaa chake kidogo juu. Palikuwa na televisheni tatu, mbili zilizokufa zikiwa zimeibeba ya tatu iliyo hai. Palikuwa na chupa za chai tisa. Palikuwa na kabati la vioo linalogusa dari, lenye seti ya vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai, vikimsubiri mgeni ambaye nadhani hajazaliwa. Kwenye msumari mmoja zilining'inia kalenda za parokia za miaka kumi na kitu, moja juu ya nyingine, kwa sababu kalenda ina picha ya askofu na picha ya askofu haitupwi.

Kufikia saa sita mchana fungu la vya kubaki lilikuwa limefika kifuani. Fungu la vya kugawa lilikuwa na chupa moja ya chai isiyo na kifuniko. Fungu la vya kutupa lilikuwa na gazeti nililofungia chapati zangu.

Nilimpigia dada. Aliniomba niwashe video, nikamzungusha simu sebuleni.

"Hilo koti?"

"La baba."

"Baba amekufa lini?"

"Dada, lina vifungo vyote."

"Mdogo wangu," alisema kwa ile sauti ya zamani ya kunivalisha viatu, "sisi hatufungui makumbusho. Leta vyote huku. Ghala la shambani Ngenge halina kitu hadi mavuno. Nitakuletea kirikuu cha mizigo Jumanne."

Ngenge ni kule chini, Muleba, kwenye joto, ambako dada analima mahindi na maharage. Kulikuwa mbali kiasi cha kunifaa. Nikagundua kwamba ugumu wangu wote ulikuwa katika kuamua, na kwamba kitu kikishaitwa mzigo mtu haamui tena, anabeba tu. Jumanne mchana tulikuwa tumepakia makochi ya nailoni, televisheni zilizokufa, masanduku, madumu na lile sanduku la bati lililomwangusha Mama. Nilipolinyanyua nilikuta ndani mna madaftari yangu ya darasa la tano. Sikuyatoa. Hakuna aliyeniona.

Wanaume wawili wa jirani walinisaidia kusogeza kabati la vioo. Lilikataa, likalia, likakubali. Nyuma yake palikuwa na dirisha.

Nililijua dirisha lile nilipokuwa mtoto, kisha nikalisahau kabisa, kama unavyosahau kwamba mwalimu wako wa zamani alikuwa na jina la kwanza. Nikatoa utando wa buibui, nikasukuma mbao. Mwanga ulioingia ulikuwa wa kijani, kwa kuwa ulipita kwanza kwenye majani ya migomba, ukalala kwenye sakafu. Na sakafu yenyewe, tulipokunja zulia la plastiki, ilikuwa ile ya saruji nyekundu aliyoisugua Mama kwa magoti miaka yote ya utoto wetu. Nilikaa chini kwenye hiyo sakafu, mgongo ukiniuma. Nyumba ilikuwa nzuri. Ilinichosha zaidi kujua hivyo, kwa sababu ina maana ilikuwa nzuri siku zote na sisi tulikuwa tukiirundikia vitu.

Rangi nilinunua mjini kwa mwenye nyumba wangu, mzee wa Kihindi ambaye duka lake liko mbele ya vyumba vyangu. Familia kama yake zilijaza mtaa mzima zamani, sasa zimebaki chache sana. Aliniuliza nataka ya nini.

"Nyeupe. Ya kuta za ndani na za nje."

"Nje nyeupe? Kagondo? Na ule udongo mwekundu?" Alinitazama juu ya miwani. "Mvua moja tu, mwalimu. Mvua moja nyumba yako itakuwa imevaa soksi."

"Wanakuja Jumamosi tu."

"Ah. Unapaka kwa ajili ya Jumamosi." Akapanda ngazi kuichukua. "Na mimi watoto wangu wananiambia nipake. Wanasema baba, paka, uza, njoo huku kwenye baridi. Nikipaka nitakaa nitazame ukuta, nitaupenda, sitauza. Kwa hiyo sipaki."

Nilicheka. Sikufikiri zaidi ya hapo, na ningepaswa kufikiri.

Kilibaki chumba cha nyuma. Jumatatu Mama alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa ufupi, kama anayeongeza chumvi kwenye mchuzi: "Chumba cha nyuma usikiguse mpaka nije." Nilimwambia sawa. Watu wazee, nilijiambia, lazima wabaki na kitu kimoja cha kung'ang'ania. Nilishasoma mahali fulani kuhusu jambo hilo.

Kirikuu kiliporudi Jumatano kwa safari ya pili, nilikifungua chumba hicho. Kilijaa sufuria. Sufuria saba ambazo mtoto angeweza kuogeshwa ndani, mabunda ya sahani yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, ndoo za vikombe vya plastiki, maturubai mawili, mwiko mrefu kama kasia. Kila kitu kilikuwa na doa la rangi ya kijani. Mjane anayekula ndizi mbili na kikombe cha chai, nikawaza, ana sahani za kulisha kikosi. Lile doa la kijani lilinihuzunisha kweli. Niliona hofu ya mtu mpweke, anayeweka alama hata kwenye vikombe ili wezi wasimwibie. Nikaona kwamba tumechelewa kumwondoa pale.

Naomba ikumbukwe kwamba nina shahada mbili, na zote mbili ni za mila na desturi.

Nikapakia vyote vikaenda Ngenge, isipokuwa mwiko. Mwanamke wa video alisema kuta zisiachwe tupu kabisa, paangikwe kitu kimoja cha asili ya mahali. Mwiko ulikuwa wa mti mgumu, umekuwa mweusi kwa miaka ya moshi. Niliuangika juu ya makochi kwa misumari miwili, nikarudi nyuma hatua tatu, nikajipongeza.

Alhamisi nilikuwa nimemaliza kupaka chumba cha nyuma, kitanda kimeshatandikwa shuka jeupe, ua moja limesimama kwenye chupa dirishani, redio inaimba. Mchana walikuja wanawake wanne. Aliyetangulia namfahamu, ni mwenyekiti wa chama chao cha kufa na kuzikana, mama mwenye mwili na sauti ya kuongoza kwaya.

"Mwalimu, pole na kazi. Tumefuata vyombo."

"Vyombo gani?"

Wakacheka kwa adabu, wakidhani natania.

"Vya chama, baba. Bibi wa hapo chini ametutoka asubuhi. Hukusikia kilio?"

Nilikuwa nimesikia. Nilidhani ni redio.

Nikawapisha mlangoni. Wakaingia wote wanne chumba cha nyuma wakasimama, wakatazama ukuta mweupe, kitanda, ua.

"Viko wapi?"

"Ngenge."

"Ngenge ya Muleba?"

"Sijui kama kuna nyingine."

"Vimekwenda kufanya nini Ngenge?"

"Kupalilia," alisema wa pili.

"Waitu, na shahada zake zote," alisema wa tatu kwa Kihaya, akiamini kwamba na Kihaya pia nimekipeleka Ngenge.

Hapo ndipo walipoeleza, kwa zamu, kama wanavyomweleza mgeni. Mama alikuwa mtunza vyombo wa chama tangu kabla baba hajafa. Yeyote akifiwa, sufuria hutoka chumba cha nyuma, na watu wakishatawanyika hurudi chumba cha nyuma. Hata Mama alipokuwa Muleba ufunguo wa pili ulikaa kwa mwenyekiti, wakichukua na kurudisha. Doa la kijani ni alama ya chama chao. Chama cha upande wa pili wa barabara kina doa jekundu. Mtoto wa darasa la kwanza Kagondo anajua. Vyombo hivyo ndivyo vilivyopikia msiba wa baba yangu, na mimi nilikula kwenye sahani yenye doa la kijani, nikatoa na hotuba.

Wakiwa wanatoka, yule wa pili alisimama sebuleni.

"Na huu," alisema akiuonyesha mwiko ukutani, "umesulubiwa kwa kosa gani?"

Nikapanda kwenye kochi, nikautoa na misumari yake.

Nilimpigia dada, nikamweleza haraka haraka nikitumaini haraka itapunguza uzito. Nikasikia simu ikihama mkono.

"Umetoa vyombo vya watu?" Alikuwa Mama.

"Sikujua ni vya watu."

"Na ile rangi ya kijani ulidhani ni ya nini?"

"Wezi."

"Wezi wanafanya nini?"

"Nilidhani uliweka alama, wasiibe."

Mama alivuta pumzi. "Mwanangu. Nani anaiba sufuria ya msiba?"

"Ungeniambia tu, Mama. Ungesema ni vya chama."

"Ningeanzaje kukuambia? Wewe si umezaliwa hapo?" Nikamsikia akimgeukia dada. "Tafuta gari lipitie Ngenge. Mimi naenda navyo."

"Mama, huwezi safari hiyo," sauti ya dada.

"Vilikabidhiwa mimi. Vikirudi bila mimi nitakuwa nimevikimbia."

Usiku ule Kagondo walipikia sufuria za kuazima, zenye doa jekundu. Niliambiwa jambo hilo na watu watano tofauti kabla ya saa nne asubuhi ya Ijumaa.

Gari liliingia Ijumaa mchana, Mama mbele na fimbo yake magotini, dada katikati akiwa na uso wa mtu aliyekunjwa, sufuria nyuma zikigongana kama ngoma. Wanawake walitoka msibani kuzipokea. "Kasinge waitu," walimshukuru Mama, mmoja baada ya mwingine, wakimshika mikono miwili. Hakuna aliyemuuliza habari za nyonga. Walimuuliza turubai kubwa liko upande gani, akawaambia, na akamsuta mmoja wao kwa jinsi alivyofunga sahani mara ya mwisho. Nilimwangalia. Muleba kwa miezi yote ile nilikuwa nimemwona akihudumiwa tu.

Vyombo vilipokwisha kushuka, akageuka kuiangalia nyumba.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo ya kabati, makochi, kalenda za maaskofu. Nilikuwa na hoja. Aliingia, akasimama kizingitini mpaka macho yakazoea. Kisha akaanza kutembea. Fimbo, mguu, mguu. Alivuka sebule akaingia korido, akaenda nayo mpaka mwisho, akachungulia chumbani kwake, akageuka, akapita jikoni, akatokea uani, akarudi. Hakushika ukuta. Hakuna aliyemshika. Dada alikuwa nyuma yake na mikono imenyooshwa kama anayefukuza kuku, na mikono haikupata kazi.

Akafika kwenye dirisha. "Hili nilikuwa nimelisahau," alisema.

Nikavuta kiti. Akakaa, akatazama nje kwa muda mrefu. Nikangoja neno la shukrani. Nadhani hata dada alilingoja kwa niaba yangu.

"Migomba ile imesongamana," alisema Mama. "Majani makavu yamening'inia mpaka chini. Umepaka ukuta ukaacha kibanja."

Wapangaji nilijaribu kuwaahirisha. Kuonyesha nyumba siku ya maziko ya jirani ni aibu, hilo angalau nililikumbuka bila kufundishwa. Lakini nilipowapata kwenye simu Jumamosi asubuhi walikuwa wameshapanda gari, na saa nne wakashuka barabarani, wamevaa vizuri, wakakuta maturubai yametandazwa mpaka kwenye uwanja wetu na wazee wa msibani wamejaa sebuleni mwangu mwa maonyesho. Nikawaomba radhi. Yule muuguzi hakunisikiliza. Alitoa khanga kwenye mkoba, akajifunga, akaenda akakaa na wanawake kumenya ndizi. Mumewe nikamtembeza ndani, tukiongea kwa sauti ya chini, tukiwaruka wazee na miguu yao.

"Ni nzuri," alisema. "Kusema kweli sikutegemea. Ina hewa." Chumba cha nyuma kilimpendeza zaidi. Sufuria zikiwa zimetoka, kilikuwa kitupu na cheupe. "Hapa nitaweka meza, nisahihishe madaftari."

Mkewe alipokuja kuiona, Mama alikuwa mle, amekaa kwenye kitanda. Nilikuwa mlangoni nikasikia.

"Umeipenda, mwanangu?"

"Sana, Mama."

"Vyombo vya chama vinakaa humu. Mtaweza kukaa navyo?"

Yule muuguzi alifikiri kabla ya kujibu, nikamheshimu kwa hilo. "Mama, sisi ni watu wa kuhamishwa. Leo tuko hapa, kesho barua inakuja twende Ngara. Vyombo vya watu tutavishikaje? Nisije nikakudanganya."

"Umesema vizuri," Mama alimwambia, akampa akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna anazomkaribisha nazo mtu anayempenda. Wakatafuna pamoja.

Tulizika saa nane. Ilipofika saa kumi wapangaji walikuwa wameondoka, wakisema wanasubiri jibu letu, na sisi watatu tukabaki sebuleni. Dada alikuwa amevua viatu. Sote tulikuwa na vumbi la kaburini.

"Wale watoto ni wazuri," Mama alianza. "Watafutieni nyumba nyingine."

Dada alifumba macho. "Mama. Kama ni sufuria, kuna mwenyekiti. Ana nyumba kubwa. Mpe."

"Naweza kumpa hata leo. Sizungumzi habari za sufuria."

"Unazungumza habari gani?"

"Nataka kuamka kwangu."

"Kwako ndiko kulikokuvunja!"

"Sanduku ndilo lilinivunja," Mama alisema. Akanigeukia. "Liko wapi?"

"Ngenge."

"Likae huko huko. Jana nimetembea nyumba nzima, mmeniona. Miaka yote hii nilikuwa napita humu ubavu ubavu kama kaa. Ningejua inawezekana hivi ningeshavitoa mwenyewe." Alinigusa goti kwa fimbo. "Si ungeniambia tu."

Nilikuwa nafikiria siku sita. Nilikuwa nimesugua, nimebeba, nimepaka, vidole vimetoka malengelenge, ili nyumba ifae watu wasiomjua, na kila nilichofanya kilikuwa kimeondoa sababu moja ya yeye kutokaa humo. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa tu ya mteja mwingine.

"Peke yako hapana," dada alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua, si kwa kukubali, kwa kuchoka. Yeye ndiye aliyemwogesha Mama miezi yote ile, akiamka naye, huku mimi nikituma ujumbe wa kuuliza hali. "Ukianguka usiku nani atasikia? Huyu wa Miembeni?"

"Siombi kukaa peke yangu. Nasema nataka kukaa kwangu. Nani atakaa nami, hilo ni lenu."

Wote wawili hawakunitazama, na ndiyo ilikuwa njia yao ya kunitazama. Nje wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwa mchanga. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulijaa upendo wa mwana. Ukweli ni kwamba nilihesabu. Nikahesabu kirikuu cha kuvirudisha vitu, safari nyingine za Muleba, simu nyingine za Jumapili asubuhi, mpangaji mwingine, rangi nyingine, na nikaona kwamba katika njia zote zilizo mbele yangu hii ndiyo yenye kubeba kidogo.

"Nitahamia mimi," nilisema. "Chumba cha nyuma."

"Wewe?" dada alisema. "Wewe uliyepeleka msiba Ngenge?"

"Chumba kimeshapakwa."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akajilaza kwenye kochi alilokalia, mkono machoni, na katika muda wa dakika moja alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi. Sijawahi kumwona dada akilala mchana. Mama akamfunika khanga.

Mwalimu na mkewe niliwatafutia nyumba mtaa wa jirani, nikawapigia mwenyewe. Miembeni nilirudisha ufunguo. Mwenye nyumba wangu aliuliza kama wapangaji waliipenda ile rangi, nikamwambia waliipenda sana na nyumba haipangishwi. Akatikisa kichwa, akaendelea kupanga betri kwenye rafu.

Nilihamia Jumanne. Sufuria saba ziko ukuta wa kushoto, kitanda changu ukuta wa kulia, na katikati panapita mtu mmoja akiwa amesimama vizuri. Mzigo wangu ulikuwa maboksi ya vitabu kumi na manne. Mama alikuja na fimbo yake akasimama mlangoni, akayatazama yakiingia moja baada ya jingine, akinyamaza mpaka la kumi.

"Hivi vyote umevisoma?"

"Karibu nusu."

"Basi ile nusu uliyoisoma umemalizana nayo. Iondoe."

"Mama, vitabu haviko hivyo."

"Korido yangu naitaka ilivyo," alisema, akageuka, akaenda zake. Fimbo, mguu, mguu.

Nimetoa maboksi mawili, nikayapeleka kwenye shule ya sekondari. Mengine nimeyasukuma chini ya kitanda. Bado hawezi kuinama.